Kabla Uniulize ORM Gani, Niambie Ni Pesa za Nani

Kila nikiweka video ya Python, lazima mtu aulize chini yake: "Msee, ORM gani ndio kali?" Wengine hata hawaulizi, wanakuja na jibu mkononi. Wa Java anaapa kwa Hibernate. Wa Python wanagawanyika, nusu Django, nusu SQLAlchemy. Wa JavaScript anasema ni Prisma tu, sisi wengine tumezeeka. Halafu kuna yule mmoja, huwa hakosi, wa kusema ORM ni ya watu walioshindwa na SQL. Mnalumbana mpaka saa nane usiku na mimi sisemi kitu, kwa sababu mkilumbana video inasambaa na bando langu linajilipa.

Lakini swali lenyewe linanikera, na leo nitasema kwa nini. Haliwezi kutosha kwenye video ya sekunde 60, ndio maana naandika.

Wale hawajui tunaongea nini, pandeni, leo hatumwachi mtu steji. Programu nyingi siku hizi zinaandikwa kwa objekti. Chukua mwanachama wa chama. Ndani ya programu yeye ni kitu kimoja: ana jina, ana namba ya simu, ana malipo yake, na ukimshika umeshika vyote. Hifadhidata ya majedwali haimjui mtu wa namna hiyo. Inajua mstari mmoja kwenye jedwali la wanachama, na mistari mingine mingi kwenye jedwali la malipo, na namba inayosema mistari hii ni ya yule. Wazo hilo la majedwali lilitoka kwa Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa anafanya kazi IBM kule California. Aliliandika mwaka 1970, na mpaka leo PostgreSQL, MySQL na SQLite zimesimama juu yake.

Kwa hivyo una pande mbili zisizoongea lugha moja. ORM ni mkalimani katikati. Wewe unamwambia "mhifadhi huyu mwanachama", yeye anageuka anasema SQL kwa hifadhidata, anarudi anakuambia "tayari". Kazi yenyewe ni hiyo tu. Shida ya wakalimani mnaijua, hasa kama mmewahi kumpeleka shosho hospitali na daktari haongei lugha yake. Unasimama pale katikati, shosho anaongea dakika tatu, wewe unamwambia daktari "anasema ni mgongo". Umesaidia, ndio. Lakini kuna vitu shosho alisema havikufika.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Sitaki huruma, na wale wa kunitumia "rudi shule" mpumzike leo. Naitaja kwa sababu moja. Kitu kimoja nilichotoka nacho pale ni somo la hifadhidata. Mhadhiri alitufundisha majedwali kwa kalamu na karatasi, wiki nane, hatukugusa kompyuta hata siku moja. Darasa zima lililalamika. Tulichora mistari, tukagawanya majedwali, tukaulizwa: hiki kitu unachoandika hapa, ni ukweli wenyewe ama ni hesabu inayotoka kwa ukweli mwingine? Nilidhani ni mambo ya mtihani. Mwaka jana ndio niliona ni mambo ya watu.

Shangazi yangu yuko kwenye chama cha akina mama wa soko, wako 34. Kila Jumapili wanakutana, kiwango cha chini ni 500, na mwenye nguvu anaongeza. Walikuwa wametoka kwenye kitabu wakaenda kwenye mfumo wa kompyuta. Kijana fulani aliwatengenezea, akalipwa, akaenda zake, na sasa hivi hashiki simu. Sitasema alitumia lugha gani wala ORM gani, na mtaona baadaye kwa nini haijalishi.

Shangazi akanipigia. "Wewe si ndio wa kompyuta? Kuja utuangalilie kitu, lakini usiseme umeitwa na nani."

Shida ilikuwa hii. Pesa za watu fulani zilikuwa zinapungua kwenye mfumo. Si wote. Ni wale wanaotuma kwa M-Pesa. Wanaoleta taslimu mkutanoni, hesabu zao ziko sawa kila wiki. Wanaotuma kwa simu, wiki zingine ziko, wiki zingine hazipo. Kwa miezi mitatu walikuwa wamehesabu upungufu wa 17,500. Na pesa za simu zilikuwa zinaingia kwa laini moja, inayoshikwa na mweka hazina msaidizi, msichana wa miaka 19, binti ya mmoja wao. Walimpa kazi hiyo kwa sababu anajua simu.

Sasa jiweke pale. Mama ana ujumbe wa M-Pesa unaosema ametuma 1,000 na imepokelewa. Mfumo unasema hajalipa. Katikati kuna mtu mmoja tu. Ungemshuku nani? Hakuna aliyemwita mwizi kwa mdomo. Walisema "pengine amesahau kuandika". Lakini mama yake alikuwa ameshaanza kulipa ile pesa kidogo kidogo, 500 kila wiki kutoka kwa sukuma wiki anazouza, ili jambo liishe kimya. Msichana alikuwa anakaa karibu na mlango mkutanoni na haongei.

Nilikaa na ule mfumo jioni mbili. Jioni ya kwanza nilisoma msimbo na sikuona kitu cha ajabu. Ulikuwa msafi, nitampa yule jamaa haki yake. Kulikuwa na klasi ya mwanachama, ina jina, simu, salio. Ukilipa, salio linaongezwa, objekti inahifadhiwa. Mistari sita hivi. Ungeisoma mbele ya darasa ungepigiwa makofi.

Jioni ya pili niliacha kusoma na nikamwambia mkalimani aongee kwa sauti. Karibu kila ORM ina swichi ya kuonyesha SQL inayotuma. Niliiwasha, nikachukua nakala ya hifadhidata, nikaigiza Jumapili. Nikaingiza malipo ya taslimu ya watu 11, nikabonyeza Hifadhi, nikahesabu amri za UPDATE zilizotoka.

Zilikuwa 34.

Watu 11 wamelipa, watu 34 wameandikwa upya.

Tulia hapa kidogo, kwa sababu hapa ndio jibu la swali lenu lote la "ORM gani" limelala. Mweka hazina mkubwa alikuwa anafungua ukurasa wa makusanyo kwenye laptopu mkutano ukianza. Ukurasa unaleta wanachama wote 34, kila mmoja na salio lake la wakati huo. Anaandika pesa anavyoletewa, wanaongea, wanakunywa chai, lisaa linaisha. Mwisho anabonyeza Hifadhi mara moja. Mfumo unachukua salio lililokuwa kwenye ukurasa, unaongeza alichoandika, unahifadhi kila mtu, hata ambaye hajaongezewa kitu.

Lakini ndani ya lile lisaa, msaidizi kule nyuma ana simu yake. Ujumbe wa M-Pesa unaingia, anauandika hapo hapo kwenye mfumo. Mama fulani alikuwa na 12,000, ametuma 1,000, sasa ana 13,000. Imehifadhiwa vizuri kabisa. Dakika 40 baadaye laptopu inakuja na objekti yake ya zamani, bado inakumbuka 12,000, inaiandika juu. Ile 1,000 imekufa. Hakuna kosa lililoonyeshwa, hakuna onyo jekundu. Mkalimani amesema "tayari" kwa wote wawili.

Kama ujumbe wa M-Pesa ulifika baada ya mkutano kuisha, pesa ilikaa. Kama ulifika katikati, ilipotea. Ndio maana wiki zingine ndio, wiki zingine hapana. Na ndio maana wa taslimu hawakuguswa: wao walikuwa wanahifadhiwa mwisho.

Hiki kitu kina jina kwenye vitabu, kinaitwa sasisho lililopotea, na ni cha zamani kuliko mimi na wewe. Wataalamu wa hifadhidata walikuwa wanakiandikia miaka ya sabini. Lakini hakuna mtu anakitaja akikuuzia ORM. Anakuonyesha mistari mitatu mizuri na maneno "angalia vile ni rahisi".

Jumapili iliyofuata nilienda mkutanoni. Sikutaja ORM wala SQL. Nilichukua daftari lao la zamani, nikapiga picha ukurasa mmoja. Nikamwambia msichana aandike malipo kwenye daftari. Kisha nikasema: sasa fikirieni mweka hazina ana ile picha, anajaza kwenye picha, halafu mwisho wa mkutano anaibandika juu ya ukurasa wa daftari. Alichoandika huyu kitaenda wapi?

Walielewa kabla sijamaliza. Akina mama wa soko hawahitaji michoro, wanahesabu pesa za kubadilishia gizani kwenye matatu. Palikuwa kimya, halafu mweka hazina mkubwa, mama wa miaka sitini hivi, akaniuliza polepole: "Kwa hivyo kijana wangu, ni mimi nilikuwa nafuta?"

Nikamwambia hapana mama, ni mfumo, wewe ulibonyeza ulichoambiwa ubonyeze. Lakini uso wake sijausahau. Mwenyekiti akamwita yule msichana aje akae mbele. Zile ujumbe zote za M-Pesa alikuwa nazo, hakufuta hata moja, na tulirudisha kila shilingi kwa kuzisoma moja moja na kulinganisha. Mama yake alirudishiwa alichokuwa ameshalipa.

Sasa mnajua kwa nini swali la "gani ndio kali" linanikera. Nikiulizwa hivyo, mtu huwa anamaanisha gani ina mistari michache ama gani iko na kasi. Hakuna aliyewahi kuniuliza: watu wawili wakishika kitu kimoja kwa wakati mmoja, hii zana inafanya nini? Na hapo zana zinatofautiana kabisa. Wacha niwape kwa ufupi yale ninayoyajua.

Django, ukiita save() kwa objekti iliyopo, kawaida inaandika safu zote, iwe umezibadilisha ama hujazigusa. Ukitaka iandike chache unataja update_fields. SQLAlchemy inafuatilia ulichobadilisha na inaandika safu hizo tu. Hibernate haitumi UPDATE kama hakuna kilichobadilika, lakini safu moja ikibadilika, kawaida inaziandika zote. Hii mnaona ni kitu kidogo? Nimetoka kuwaambia kitu kidogo kilifanya nini.

Halafu kuna namba ya toleo. Huu ni ujanja ninaoupenda sana. Kila mstari unapewa namba, tuseme 7. Unaposoma, unasoma na namba. Unapohifadhi, zana inasema: andika, lakini tu kama bado ni 7, kisha uiweke 8. Kama mwenzako ameshaandika na sasa ni 8, hakuna mstari unaopatikana, na zana inakupigia kelele badala ya kukudanganya. Hibernate inayo, unaweka @Version. Rails inayo, unaongeza safu inayoitwa lock_version. SQLAlchemy inayo pia, na Entity Framework ya Microsoft ina namna yake. Django haikupi hiyo tayari, unajitengenezea, ama unatumia njia nyingine. Na hata ukiwa nayo, kama ukurasa wako unakaa wazi lisaa lizima, ile namba lazima iende na ukurasa na irudi nao. Ukisoma upya toleo wakati wa kuhifadhi umejichezea.

Njia nyingine ni kutobeba salio kabisa. Badala ya kusoma 12,000, kuongeza 1,000 kichwani, na kurudisha 13,000, unaiambia hifadhidata yenyewe: ongeza 1,000 kwa chochote ulicho nacho. Django unatumia F(), Prisma kuna increment. Wawili wakifika pamoja, hifadhidata inawapanga foleni na hesabu zote mbili zinaingia.

Ama unaweka kufuli kwenye mstari ukiusoma, mwingine angoje. Django inaitwa select_for_update(). Hapa kuna mtego umewameza wengi. Wengi wenu mnajifunzia kwenye SQLite kwa sababu iko tayari, haihitaji kusakinishwa. Kwa SQLite, select_for_update() haifanyi kitu. Haikatai, haikuonyi, inapita tu. Unajaribu nyumbani unaona msimbo umekubali, unajipongeza, kumbe hujajaribu chochote. Kama mfumo utaishi kwa PostgreSQL, jaribu kwa PostgreSQL.

Najua kuna mjuaji ameshaanza kuandika: "Si uweke tu kwenye muamala?" Ndugu, muamala unahakikisha vitu vyako vinaingia vyote ama haviingii kabisa. PostgreSQL kwa kawaida yake inakupa kiwango cha READ COMMITTED, na hapo watu wawili wanaweza kusoma 12,000 kila mmoja ndani ya muamala wake msafi, na wa mwisho akamfuta wa kwanza. Na ule ukurasa wa mama ulikuwa wazi lisaa lizima, chai inamwagwa. Muamala gani utaushika wazi lisaa lizima?

Zana hizi hazikutengenezwa na watu wabaya, na kila moja ilizaliwa mahali. Gavin King alianzisha Hibernate mwaka 2001, wakati watu wa Java walikuwa wanateswa na kitu kinachoitwa entity beans. Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari, gazeti la Lawrence kule Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Huwa naiwaza sana hiyo. Gazeti ni kitu kinaandikwa na mwandishi mmoja na kusomwa na maelfu. Chama ni kinyume: watu wengi wanaandika kwa mstari ule ule, na wasomaji ni wao wenyewe. Haimaanishi Django haifai chama. Inamaanisha kile inachokurahisishia bila kuulizwa kinaweza kuwa sicho unachokihitaji.

Martin Fowler kwenye kitabu chake cha mwaka 2002 alizipa majina tabia mbili kubwa. Kuna ile objekti inajihifadhi yenyewe, Active Record, na kuna ile objekti haijui habari za hifadhidata na kuna mtu pembeni anayehamisha, Data Mapper. Django na Rails ni za kwanza, Hibernate na SQLAlchemy ni za pili. Ya kwanza ni tamu ukianza. Ya pili inakuuma mwezi wa kwanza. Mwaka 2006 Ted Neward akaandika kwamba kazi hii yote ya kulinganisha objekti na majedwali ni Vietnam ya sayansi ya kompyuta: unaingia na ushindi mdogo mdogo, halafu hujui vile utatoka. Mimi sifiki huko. Nimeona watu wakiandika SQL mkono mtupu na kupoteza pesa vile vile, tena kwa haraka zaidi.

Na mnaopenda kuniletea hoja ya kasi. Ndio, najua. Ukiorodhesha wanachama 400 na kwa kila mmoja uulize malipo yake, ORM inaweza kutuma swali 1 la orodha na mengine 400 ya malipo. Kila swali likichukua milisekunde 5, umekula sekunde 2 bure. Unarekebisha kwa mstari mmoja, prefetch_related ama joinedload ama JOIN FETCH kulingana na zana yako. Ni hitilafu maarufu na inaonekana haraka, kwa sababu programu ikiwa polepole watu wanalalamika. Programu ikipoteza pesa hawalalamiki, wanashukiana.

Nilirekebisha vipi? Hapa ndio mtachukia jibu langu. ORM niliiacha ile ile. Nilibadilisha majedwali.

Swali la mhadhiri lilinirudia: salio ni ukweli, ama ni hesabu? Ni hesabu. Ukweli ni kwamba mama fulani alitoa 1,000 tarehe fulani, ikapokewa na fulani. Kwa hivyo nilitoa safu ya salio kabisa. Kuna jedwali la malipo tu. Kila malipo ni mstari mpya: nani, kiasi gani, lini, aliyeandika ni nani, na kama ni ya simu, ule msimbo wa M-Pesa wenye herufi na namba 10. Msimbo umewekewa UNIQUE kwenye hifadhidata yenyewe, si kwenye programu, kwa hivyo ujumbe ukiandikwa mara mbili wa pili unakataliwa. Hakuna mtu anayebadilisha mstari. Ukikosea unaandika mstari mwingine wa kusahihisha. Salio linatoka kwa kujumlisha, na kwa watu 34 kujumlisha ni upepo. Kiasi ni NUMERIC, si float, maana kompyuta ukiiambia 0.1 ongeza 0.2 kwa float inakupa 0.30000000000000004, na sitaki kuelezea hiyo kwa mama wa miaka sitini.

Sasa mweka hazina na msaidizi wanaweza kuandika kwa pamoja mchana kutwa. Wawili wakiongeza mistari tofauti hakuna anayemfuta mwenzake. Na ORM yoyote, hata ile unayoichukia, inajua kuongeza mstari.

Objekti ndio ilimdanganya yule jamaa, si uvivu wake. Ukiandika klasi ya mwanachama, mkono wenyewe unaandika salio ndani yake, kwa sababu mtu ana salio, si ndio? Inasomeka vizuri. ORM inakuacha ufikiri kuwa ile objekti iko kwako, umeishika, ni yako. Lakini ni picha ya daftari. Daftari liko kule, na wengine wanaliandika ukiwa umeshika picha. Zana inayokuficha hilo kabisa ndio ninayoiogopa, hata iwe na nyota ngapi GitHub.

Kwa hivyo ukining'ang'ania unataka jina, hali yako ndio inachagua. Uko peke yako, mfumo ni mdogo, unataka fomu na usimamizi wa data haraka, chukua Django na ujifunze F() wiki ya kwanza, usingoje. Unataka kuona unachotuma na uwe karibu na SQL, SQLAlchemy, maana ina tabaka la chini linaloitwa Core ambalo unaweza kushuka kwalo bila kutoka nje. Umeajiriwa mahali pa Java, hukuulizwa, ni Hibernate, weka @Version kwenye kila kitu chenye pesa. Ripoti ngumu za mwisho wa mwaka andika SQL mwenyewe, hakuna heshima inayopotea. Watu wa Stack Overflow walitengeneza Dapper, kitu chembamba kabisa ambacho SQL unaandika wewe na chenyewe kinakujazia objekti tu, na tovuti yao ilisimama.

Na muulize swali ambalo hakuna jedwali la kulinganisha zana linaloliuliza: ukiacha kushika simu, nani atausoma huu mfumo? Ule wa chama niliweza kuufungua kwa sababu yule kijana alitumia kitu cha kawaida, chenye maelezo mengi, chenye swichi ya kuonyesha SQL. Angekuwa ametumia laibrari ya mtu mmoja iliyoachwa miaka minne iliyopita, sijui kama jioni mbili zingetosha. Hilo ni shukrani yangu kwake, na simu bado hashiki.

Zoezi la leo halihitaji bando kubwa. Fungua mfumo wowote uliotengeneza, wenye namba inayobadilika: salio, idadi ya bidhaa dukani, viti vya basi. Fungua ukurasa ule ule kwenye madirisha mawili. Badilisha la kwanza, hifadhi. Nenda la pili bila kuonyesha upya, badilisha kitu kingine kabisa, hifadhi. Sasa angalia ile namba ya kwanza kama iko. Washa swichi ya SQL ufanye tena uone mkalimani alisema nini. Mkipata kitu nileteeni, na msifiche jina la ORM. Jumamosi saa mbili usiku nitakuwa live nikivunja mfumo wa duka moja mbele yenu kwa njia hiyo hiyo, mwenyewe amenipa ruhusa na anasema wake hauwezi kuvunjika.